Kwa nini tunangoja injini ipoe ndipo tufungue plagi

Lalamiko tunalolisikia zaidi gerejini kwetu hapa Kisauni, Mombasa, ni la kungojeshwa. Mwendesha boda anaingia mbio kutoka Kongowea, pikipiki inakohoa, anataka plagi mpya, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha injini, na abiria keshampigia simu mara mbili. "Fundi, si ni plagi tu? Nibadilishie haraka niondoke." Nasi tunamwambia aegeshe kivulini, akae, injini ipoe kwanza. Wengine hununa, wengine huwasha wakaenda zao kwa fundi atakayewafungulia papo hapo. Haki yao. Ila kila mwezi hapakosi pikipiki moja au mbili zinazoletwa kwetu thredi za plagi, ile mifereji ya kuifungia, zimekufa, na ukimuuliza mwenyewe ilivyokuwa, hadithi huwa ni ile ile: injini ilikuwa ya moto na watu walikuwa na haraka.

Boxer, TVS, Honda, karibu pikipiki zote zinazobeba watu mjini hapa hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda inamofungwa plagi, ni ya alumini. Plagi nayo mwili wake ni chuma. Alumini ni laini kuliko chuma, kwa hiyo vikikwaruzana, kinachoumia ni hedi, na hedi ndiyo ya gharama. Tena alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukichukua plagi mpya iliyo baridi ukaikaza kwenye hedi inayochoma, umeikaza ndani ya tundu lililotanuka. Hedi ikipoa hujikunja na kuibana plagi kuliko ulivyokusudia. Siku ya kuifungua, hutoka na thredi za hedi zimeng'ang'ania juu yake.

Sababu ya pili naiona ni kubwa zaidi, nayo ni vidole. Plagi huanzwa kufungwa kwa mkono. Hedi ikiwa ya moto fundi hawezi kuigusa, basi hushika spana tangu mwanzo. Spana haina hisia. Plagi ikiingia upande, vidole vitakataa mara moja, lakini spana itaendelea kuzunguka na kuchonga njia mpya katika alumini, na wewe utadhani plagi inakaza vizuri.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliingiza plagi upande kwenye pikipiki ya mzee mmoja aliyekuwa akiuza samaki. Niliiona ngumu kidogo, nikaongeza nguvu. Hakurudi siku ile, alirudi ya tatu yake, plagi imeruka kutoka kwenye hedi akiwa njiani. Ilibidi tundu litobolewe upya na kuwekwa thredi za chuma za kupachika. Siku nzima ya biashara ilimpotea, na hakunigombeza hata neno moja. Mpaka leo nikishika plagi namkumbuka.

Kabla ya kufungua, tunasafisha. Barabara zetu za ndani, ukitoka tu lami ya Bamburi au Mtopanga, ni mchanga mtupu, na mchanga hupenda kujikusanya kwenye kishimo kilichoizunguka plagi. Ukiifungua hivyo hivyo, chembe zinaanguka ndani ya silinda na kwenda kukwaruza pistoni na ringi, pete zinazoizunguka. Tunapuliza kwa hewa ya kompresa, tunalegeza plagi mzunguko mmoja, tunapuliza tena, ndipo tunaitoa. Ukimwona fundi anang'oa plagi iliyofunikwa na vumbi bila hata kuifuta, mzuie.

Sasa plagi yenyewe. Wateja wengi huuliza bei, wachache huuliza namba, ilhali namba ndiyo yenye maneno. Chukua plagi ya kampuni ya NGK iliyoandikwa D8EA. Herufi D inasema unene wa thredi ni milimita 12. Ingekuwa C ni milimita 10. Namba 8 ni kiwango chake cha joto. E inasema urefu wa thredi ni milimita 19. Ukikuta H badala ya E, kama kwenye CR7HSA, thredi ni fupi, milimita 12.7. Ile R katika CR ina maana plagi ina kizuizi ndani kinachopunguza usumbufu wa umeme kwenye redio na vifaa vingine.

Urefu ndio unaotuletea majonzi. Plagi ndefu kuliko inavyotakiwa inachungulia ndani ya silinda na inaweza kugongwa na pistoni. Plagi fupi haileti kishindo, inaharibu polepole: thredi za chini za hedi zinabaki wazi, masizi yanajaa humo, na siku utakapoweka plagi ya urefu sahihi haitaingia bila vita. Kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba plagi ni yake.

Kuhusu joto, kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inaondoa joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume chake, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili kwa kukisia. Ncha ya plagi inapaswa kufika nyuzi joto 450 hivi ili ichome masizi yake yenyewe, na isivuke kama 870, maana hapo inaanza kuwasha mafuta kabla ya wakati. Plagi baridi mno kwa mtu anayeendesha polepole kwenye foleni ya Daraja la Nyali itajaa masizi meusi kila mara, naye atakuwa analaumu petroli.

Mwanya pale cheche inaporukia tunaupima, hata plagi ikitoka kwenye boksi, kwa sababu plagi husafiri na huanguka. Pikipiki nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 0.6 na 0.9, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Plagi iliyoanguka sakafuni hatuifungi. Ufa kwenye kauri, ile sehemu nyeupe ya plagi, huwezi kuuona kwa macho, na cheche itapita humo badala ya kwenye ncha.

Kisha tunaifunga. Tunachomeka kipande cha mpira wa petroli juu ya plagi, tunaishusha kwenye tundu, tunaizungusha kwanza kinyume mpaka isikike ikidondoka kidogo, ishara kwamba thredi zimekutana, ndipo tunaigeuza kuifunga. Ikikwama, mpira unateleza na hedi iko salama. Inapaswa kushuka kwa vidole mpaka washa yake, ile pete ya chuma shingoni, iguse hedi. Hapo ndipo spana inaingia: plagi mpya nusu mzunguko hivi, iliyowahi kufungwa robo au chini ya hapo, kwa kuwa washa yake ilishabanwa. Kwa spana ya kupima nguvu, plagi ya milimita 10 inataka nyutoni-mita 10 hadi 12, ya milimita 12 inataka 15 hadi 20. Ni nguvu ya kiganja, wala si ya bega. Lakini isiachwe legevu pia, kwani plagi hupoza joto lake kupitia hedi, na ikilegea inaungua.

Wapo wanaotuomba tupake grisi kwenye thredi kwa ajili ya chumvi ya bahari. Nia ni njema, lakini plagi nyingi za siku hizi zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi huifanya ikazike zaidi ya kipimo bila wewe kuhisi. Hatupaki. Chumvi tunapambana nayo kwingine, kwenye kofia ya plagi. Ile raba yake ikipasuka, hewa ya pwani inaozesha kishikio cha ndani, na mvua za Aprili na Mei zikija pikipiki inazima kwenye kila dimbwi. Kofia tunaikagua bila kukutoza.

Na tafadhali, plagi usiisugue kwa brashi ya waya. Waya huacha alama za chuma juu ya kauri na umeme hupita hapo.

Plagi ya zamani tunakurudishia mkononi, tuitazame pamoja. Rangi ya kahawia hafifu ni injini yenye afya. Nyeusi kavu, kabureta inamwaga mafuta mengi au chujio la hewa limeziba. Nyeusi yenye oili, tuzungumze kuhusu ringi. Nyeupe yenye malengelenge, usiendelee kuiendesha kabla hatujajua inapata joto wapi.

Ukitaka kutongoja, tuletee asubuhi kabla hujaanza kazi, au iache wakati wa adhuhuri uende kuswali na kula, urudi uikute imeshapoa na imefungwa.