Kwa Elisante, kuhusu giaboksi

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Elisante,

Habari za Arusha na baridi yake? Huku tunayeyuka. Mama Zuwena anakusalimu, na anauliza zile ndizi ulizoahidi zimeishia wapi. Nimemwambia mambo ya ndizi na Mchaga mimi siingilii.

Ujumbe wako kuhusu giaboksi ya ile Volvo 245, ndugu wa 244 yangu, iliyolala nyuma ya nyumba kule Usa River umeninyima usingizi. Umeuliza mbona nahangaika wakati giaboksi zimejaa Dar. Zimejaa kweli, ila si hii. Ngoja nikueleze vizuri, maana nataka uende ukaione kwa macho yako, na ukienda hujui unatafuta nini watakuuzia chuma chakavu.

Gari langu ni 244 ya mwaka 1980, lile tulilokwenda nalo Korogwe msibani. Giaboksi yake ni M46: gia nne za kawaida, halafu nyuma yake kimefungwa chombo cha pili, ovadraivu, ambacho unakiwasha kwa kitufe kilicho juu ya mkono wa gia. Ukiwa gia ya nne ukabonyeza, oili yenye presha inasukuma klachi iliyomo ndani na injini inapumua: kama ilikuwa mizunguko 3,000 kwa dakika, inashuka hadi 2,400 hivi na mwendo ni ule ule. Hapa mjini haina kazi. Kwenye foleni ya Buguruni hata hiyo gia ya nne huioni. Lakini ukishaipita Kibaha, njia nane zimekwisha na Chalinze bado iko mbali, bila hicho kitu gari linalia njia nzima, na petroli unaisikia ikiondoka mfukoni.

Kilichoiua nakijua. Ovadraivu ilinasa, ikawa haiachii. Nikalipeleka gari gereji moja, nikawaambia waziwazi: msiweke rivasi kabla haijaachia, mkitaka kulirudisha nyuma lisukumeni kwa mikono. Asubuhi yake kijana alitaka kupisha gari jingine, akaweka rivasi. Sasa, ndani ya ovadraivu mna klachi ya roli inayokubali kuzunguka upande mmoja tu. Ukiilazimisha upande wa pili huku ovadraivu imeshika, lazima kitu kivunjike. Kilivunjika, na bodi ikapasuka. Mwenye gereji akaniambia ni bahati mbaya, na hela ya uchunguzi akachukua vilevile.

Tangu hapo nimezunguka Gerezani, nimezunguka Ilala kwa wauza spea za mtumba, hadi madalali wakiniona wanacheka. Shida ni kwamba ukimtajia muuzaji ovadraivu, akili yake inakwenda kwenye ile taa ya O/D OFF ya Toyota za otomatiki. Anakutolea giaboksi ya otomatiki ya Mark II imezungushiwa nailoni, anaipigapiga mgongoni: "Mzee, hii ovadraivu anayo, katoka Japani juzi tu." Wala si mwongo, anayo. Ila mimi gari langu lina pedali tatu.

Fundi wangu naye anataka tuweke ya Hilux, gia tano. Atachongesha adapta, atakata propela shafti, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na kuichomelea upya, atahamisha mkono wa gia, atatafuta kebo nyingine ya spidomita. Litatembea, sina shaka na mikono yake. Nimekataa. Tukianza hivyo, mwakani ataniambia na injini tuweke ya Hilux, nibaki na Toyota iliyovaa kanzu ya Volvo. Kama ni Toyota, si ningenunua Toyota?

Kuna M47 pia niliyoonyeshwa, giaboksi ya Volvo yenyewe, gia tano, imetoka kwenye 240 za mwishomwisho. Hiyo nusura niichukue. Lakini gia yake ya tano imekaa nyuma kabisa, na sifa yake mbaya ni hiyohiyo gia ya tano kuwahi kufa. Nitoe hela nyingi ninunue ugonjwa ninaoujua?

Sasa kazi yako. Vaa nguo za kuchafua, ingia chini ya gari. Kuna M45, inayofanana na yangu ila haina ovadraivu, kwa hiyo usiangalie mbele, angalia nyuma ya giaboksi. Ukikuta pameungwa bodi nyingine, ubavuni ina solenoidi yenye waya (ile sumaku ya umeme inayoiwasha ovadraivu), na ina kibao kidogo chenye jina la Laycock, ndiyo yenyewe. Usishangae kukuta jina la Kiingereza kwenye gari la Sweden. Laycock walikuwa Sheffield. Ovadraivu zao zilianza kufungwa kwenye Standard Vanguard mwaka 1948, baadaye Triumph, MG, hadi Ferrari 250 GTE. Hilo lina faida kwetu: sili na solenoidi bado zinapatikana Uingereza kwa sababu ya hao wenye Triumph. Piga picha ya hicho kibao, namba zisomeke.

Halafu chini ya ovadraivu kuna kifuniko cha skrubu sita, ndani yake mna chujio. Mwombe mwenyewe akufungulie. Unga laini wa kijivu si neno. Ukiona vipande vinavyong'aa, viwe vya njano au vya chuma, mshukuru, nawa mikono, rudi nyumbani. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hiyo nayo iache, gari limenyeshewa miaka yote hiyo. Solenoidi iguse na waya za betri ya volti 12, inatakiwa ilie "tk". Isipolia, usimwambie yeye. Punguza bei tu.

Na asikuuzie ovadraivu peke yake akabaki na boksi. Shafti kuu ya M46 haifanani na ya M45, kwa hiyo huwezi kuchomeka ovadraivu kwenye boksi lolote. Chukua nzima nzima, pamoja na waya zake, rilei, mkono wa gia wenye kitufe, na kipande cha mbele cha propela shafti. Hivyo vidogo ndivyo vitakavyonitesa baadaye nikivikosa.

Bei anza laki tano. Mwisho wangu ni laki nane, na hapo tuwe tumekubaliana kwamba chujio ni safi. Giaboksi ikishafunguliwa kwenye gari, mwageni oili yote, zibeni matundu, iwekwe kwenye sanduku la mbao ndipo ipande basi. Nitaipokea mwenyewe pale Mbezi, stendi ya Magufuli, nikiwa na vijana wawili. Hiyo si ya kubeba peke yako, na wewe mgongo wako naujua.

Msalimie sana shemeji na watoto. Hela ya kianzio nakutumia kesho kwenye simu. Na tafadhali nipigie ukiwa bado uko chini ya gari, si ukishalipa.

Wako,
Hamisi