Barua kwa mwanangu: hizo iafoni, baba

Mwanangu, hujambo? Huku Nkuhungu tuko salama, mama yako anakusalimia, upepo wa Dodoma unaujua, vumbi mpaka kwenye sufuria.

Baba, tangu nikusindikize stesheni ya SGR sina amani. Ulishuka kwenye bajaji na iafoni masikioni, boda anakuja nyuma anapiga honi, mimi na masikio yangu haya mabovu nimemskia, we hujaskia mpaka nikakuvuta begi! Na mziki wako nausikia mimi niliyesimama pembeni.

Unajua nimekaa kwenye mashine ya kusaga miaka 18 na hakuna aliyewahi kunambia nizibe masikio. Ilianza kidogo tu, jioni nikizima mashine masikio yanavuma, nikiamka asubuhi yako sawa, nikajua ndo kazi ilivyo, alafu kuna asubuhi moja niliamka bado yanavuma na mpaka leo hayajanyamaza. Usiku nyumba ikitulia kuna kitu kinalia nziiii humu ndani, na mdogo wako akiongea taratibu lazima nimwangalie mdomo ndo nijue anasemaje. Daktari alinieleza ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vya kupokea sauti, vikishakufa havioti tena.

We ulinambia unavaa iafoni ili kukwepa mionzi ya simu. Mionzi kuua masikio haijathibitishwa mwanangu, kinachoua ni sauti kubwa ya muda mrefu, haijalishi inatoka kwenye mashine au kwenye simu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti) mtu mzima anaweza kuskiliza saa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni saa 4 tu, wiki nzima! Sasa we unayelala nazo je? Ingia kwenye setingi uweke kikomo, sauti isipite asilimia 60, na kwenye daladala kelele zikizidi usipandishe, zivue tu.

Alafu niambie ukweli, sitakugombeza, ukizivua masikio yanavuma? Kama yanavuma nenda kapime wiki hii hii, hela ntakutumia, zabibu tumeshaanza kuvuna.

Nijibu kwa meseji baba, ukipiga nusu ya maneno siyapati.

Baba yako