Harambee ya Mashine ya Kushtua Moyo

Wapendwa katika Bwana,

Tunabisha hodi tena, na tunajua daftari la michango ya paa halijafungwa. Mtuwie radhi. Hili haliwezi kungoja.

Wengi wenu mlikuwapo mzee wetu wa kwaya alipoanguka katikati ya ibada. Tulifanya nini? Tulimpepea kwa vitabu vya nyimbo, tukamlegeza tai, mmoja akakimbilia maji, wengine tukaomba kwa sauti. Hakuna aliyeweka mikono kifuani pake. Gari la wagonjwa lilipofika, alikuwa ameshatutoka.

Mwenzetu mmoja daktari alitueleza baadaye. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, msuli hukosa damu na oksijeni. Seli zake huvujisha potasiamu, umeme wa moyo ukavurugika, na vyumba vya chini vikabaki kutetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Asiposhtuliwa kwa umeme wala kubonyezwa kifua, kila dakika hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Zile dakika za kupepea, kila mmoja azihesabu mwenyewe.

Mashine tunayoiomba hubebeka kama begi la shule. Unabandika vibandiko viwili kwenye kifua kilicho wazi, inasoma mapigo na kukuelekeza kwa sauti. Moyo usiohitaji umeme haiushtui, kwa hiyo hata mwoga ataiweza. Ikiwa bado inaletwa, mikono ifanye kazi: bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mchango utalipia pia mafunzo hayo, pamoja na betri na vibandiko vya akiba, maana vyote huisha muda.

Walioandikiwa dawa za kutuliza mapigo baada ya mshtuko wa moyo, msiziache bila kumwuliza daktari, hata mkijisikia nafuu. Na kifua kikibana, usingoje ibada iishe. Hayo hayahitaji harambee.

Paa mliezeka ninyi, viti ni jasho lenu. Spika, tukumbushane, zilipatikana upesi sana. Mhazini atatoa risiti kwa kila mchango na hesabu zitabandikwa ubaoni. Wenye ahadi za zamani, majina tunayo, hatutayasoma. Mhazini anakaa mlangoni baada ya kila ibada.

Kamati ya Afya