Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania): namba za 024 zipewe majina

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, Pemba. Ombi langu ni moja: simu ya afisi ikilia mkononi mwetu, tuone ni afisi gani.

Huku msimu wa karafuu ukiingia, na matapeli huingia msimu wao. "Nakupigia kutoka benki, akaunti yako imefungwa." Watu wameshachoka, namba ngeni hawapokei. Matokeo yake hospitali inayomwita mgonjwa aje kuchukua majibu nayo haipokelewi, wala skuli ya mtoto. Ile 15040 ya kuripoti matapeli inafaa, ila mtu huikumbuka baada ya simu kukatika.

Njia ipo, na si mpya. Tangu mwaka 2000 kuna utaratibu uitwao ENUM, unaotumia DNS, mfumo uleule unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya kompyuta. Namba ya simu huandikwa kinyumenyume, tarakimu zikatengwa kwa nukta, mwishoni ikatiwa e164.arpa. Namba zetu za mezani za Zanzibar, zinazoanza na 024 (au +255 24 kwa anayepiga kutoka nje), zote zingekaa chini ya tawi moja: 4.2.5.5.2.e164.arpa. Hugeuzwa hivyo kwa kuwa majina ya intaneti hupangwa kutoka kulia, nchi kwanza, kisha eneo, mwisho simu yenyewe. Rekodi za humo kwa kawaida huonyesha njia ya kupitisha simu kwenye intaneti, lakini zaweza pia kuelekeza kwenye kadi ya kielektroniki yenye jina la mwenye namba. Mtambo wa kampuni ya simu ukiuliza kabla ya kuita, kioo kingeandika "Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani".

Austria ilianza kuitumia ENUM kibiashara Desemba 2004. Sitakuficha kwamba kwingi haikushika, maana kampuni za simu hazikuona faida yake. Ndiyo maana siwaandikii wao. Tawi la nchi, 5.5.2.e164.arpa, haliwezi kufunguliwa na mtu binafsi wala kampuni. RIPE NCC, shirika la intaneti lililoko Ulaya, ndio wanaolitunza shina la e164.arpa, na tawi hawalitoi bila ridhaa ya nchi kupitia ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa.

Majina ya watu binafsi yasiwekwe kabisa. DNS haina bawabu, yeyote anayeuliza hujibiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo. Zipo programu zinazookota majina kwenye vitabu vya simu vya watu, na wengine humo wanaitwa "Usipokee" au "Juma Deni". Hatutaki serikali ifike huko. Nazungumzia afisi za umma tu.

Tena jina husema namba ni ya nani, halisemi ni nani anayepiga. Namba hughushiwa. Kwa hivyo kabla ya jina lolote kuonekana, kampuni ziamriwe kuikataa mlangoni simu inayotoka nje ya nchi huku ikijidai ni ya 024. Bila hilo tutakuwa tumempa tapeli kitambulisho cha hospitali, na heri tubaki kama tulivyo.

Zanzibar ni ndogo na code yake ni moja, hivyo majaribio hayatakuwa na gharama kubwa. Anzeni na hospitali za Unguja na Pemba, kisha skuli, na mtutangazie redioni namba zipi tayari zimeingia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkaazi wa Wete