Ukifika Goa, panda kile kilima

Mji wa Kale, Mombasa

Kwako shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi mwaka huu limetukalia vibaya, hata usiku halipungui.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Kumbe shemeji amekubali, mwakani inshallah mtapanda meli kutoka Mumbai, na unataka nikueleze zile bandari nilizopita mimi nilipokwenda na meli kama hiyo, wapi mshuke na wapi mbaki melini. Nilianza kukujibu kwa simu nikaona maneno ni mengi, bora nikuandikie uwe nayo mkononi.

Mmechagua majira mazuri. Wazee wetu walikwenda Bara Hindi na kusi wakarudi na kaskazi, na meli hizi, ijapokuwa hazina tanga, nazo zinafuata kalenda ileile. Wakati wa kaskazi bahari ya upande wa Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, hulala kama maziwa kwenye bakuli. Kuanzia Juni mpaka Septemba ndiyo mvua zao kubwa, bahari inachafuka, na hakuna raha ya kutembea bandarini. Kwa hiyo msikubali mtu awauzie tiketi ya rahisi ya mwezi wa Julai.

Viza ombeni mtandaoni mapema, na kama meli itatoka India ikagusa Colombo au Maldives kisha ikarudi, hakikisheni viza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Sindano iwe imepigwa siku kumi kabla ya kufika. Mimi kabla ya pasipoti niliulizwa kadi, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu hakuwa nayo, wakamtenga. Sikumwona tena melini.

Mumbai fikeni siku mbili kabla. Meli inaondokea si mbali na lile lango kubwa la Gateway of India, lililomalizika 1924, na hapohapo langoni ndipo zinapoondokea boti za kwenda kisiwa cha Elephanta chenye mapango ya kale. Ni mwendo wa kama saa moja. Tiketi ya mapangoni kwa mgeni ni rupia 600, mwenyeji analipa 40, na Jumatatu pamefungwa. Ngazi ni nyingi na nyani ni wezi, mfuko wa chakula ufunge. Lakini ukishaingia ndani, macho yakazoea giza, unaiona ile sanamu ya nyuso tatu, zaidi ya mita tano kwenda juu, imechongwa katika jabali lenyewe tangu kama miaka 1,400 iliyopita. Si dini yetu, lakini kazi ya mikono ile inakunyamazisha. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kunitazama kama ni mzima.

Na utafurahi masikio. Dereva wa teksi anazungumza na mwenziwe Kihindi, mimi nasikia gari, duka, pesa. Nikajihisi niko Biashara Street.

Sasa Goa. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Meli inafunga gati Mormugao, na mji uliopo hapo karibu unaitwa Vasco da Gama. Ndiyo, jina la yule yule baharia Mreno aliyewawekea nguzo huko kwenu Malindi. Nilikuwa nimenunua ziara ya melini, kwa bei ya juu, nikidhani nitaiona Goa Kongwe kwa nafasi. Basi ni mwendo wa kama saa moja. Tulipofika, mwongozaji akatupa dakika ishirini na tano. Dakika ishirini na tano kwa kanisa la Bom Jesus lenye mwili wa mtakatifu wao Francis Xavier, na kanisa kuu la upande wa pili wa barabara, na watu mamia wamepanga foleni. Halafu tukapelekwa kwenye duka la vinyago na korosho, tukakaa saa nzima na robo! Wengine walinunua, wengine walisinzia kwenye basi. Mimi nilikuwa na hasira ya kulia.

Nikwambie kwa nini. Unakumbuka habari za Yusuf bin Hassan? Babake, Sultani Hassan, alikuwa wa ukoo wenu wa Malindi uliohamia Mombasa baada ya Wareno kuuteka mji na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mwaka 1614 Sultani Hassan akauawa kwa njama za haohao Wareno, na mtoto wake, wa miaka saba hivi, akapandishwa chombo akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno. Huko alilelewa na mapadri wa Shirika la Augustino, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, wakamfundisha kusoma na kuishi kama Mreno. Walimrudisha Mombasa mtu mzima, awe mfalme wao. Agosti 1631 akaingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu na jina lake. Mwaka uliofuata, baada ya kuyashinda majeshi ya Wareno yaliyotoka Goa, akaiacha Ngome na kuondoka kwa bahari, asirudi tena.

Habari hii nimewasomesha watoto miaka ishirini na sita, darasani, Ngome ikionekana dirishani. Na ile nyumba ya mapadri alikokulia iko Goa Kongwe, juu ya kilima kidogo, hatua chache tu kutoka Bom Jesus. Haimo kwenye ziara.

Basi zile dakika ishirini na tano sikupanga foleni. Nilimwambia mwongozaji nitakuwa basini kwa wakati, nikafungua mwavuli, nikapanda. Kilichobaki ni magofu ya kanisa na mnara mmoja uliosimama peke yake, karibu mita 46, umepasuka upande mmoja. Nyumba hiyo ya mapadri ilifungwa 1835, paa la kanisa likaanguka 1842, na sehemu kubwa ya uso wake na nusu ya mnara vikaporomoka 1931. Jiwe lake ni jekundu, rangi ya kutu, limejaa vitundu. Niliweka kiganja juu yake, nikajua ninachokishika: ni kama tumbawe letu la kuta za Mji wa Kale, lile lile la kukwaruza ngozi, isipokuwa hili limetoka ardhini na letu limetoka baharini. Chini, sakafu ni mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kireno, na pembeni vipande vya vigae vya buluu bado vimeng'ang'ania ukutani.

Nilimfikiria yule mtoto, shoga yangu. Wa miaka saba, babake ameuawa, amevuka bahari na watu waliohusika na mauaji, analala ndani ya kuta hizi na anaitwa jina lisilo lake. Hakuna kibao kinachomtaja. Sikuona hata herufi moja. Nilimsomea Fatiha nikashuka mbio, na basi lilikuwa limeshawasha injini.

Kwa hiyo nyinyi Goa msinunue ziara ya melini. Kodini teksi nje ya geti la bandari, mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, na mwambieni dereva moja kwa moja: mnara wa St. Augustine. Tengeni saa mbili hapo. Ila ukweli ni huu: anayetoka na ziara ya meli, hata ikichelewa meli itamngoja, anayetoka kivyake haingojwi. Nyinyi pangeni kurudi muda wa saa mbili kabla ya meli kung'oa nanga, kwani barabara ya Goa ina malori na foleni.

Kituo kilichofuata ni New Mangalore. Wengi walibaki melini kuogelea, wakasema hakuna kitu. Mimi nilishuka kwa sababu ya paa la bibi yangu. Unakumbuka ile nyumba ya nyuma ya Ndia Kuu, kabla hawajaezua wakaweka mabati? Vile vigae vyekundu tulivyookota tukachezea duka, vilivyopigwa chapa ya herufi kubwa kwa nyuma? Ile chapa ilisema Mangalore. Wamisionari wa Basel ndio walioanzisha kiwanda cha vigae pale katika miaka ya 1860, udongo ukitoka kando ya mito yao, na vikapakiwa majahazini mpaka kwetu. Nilizunguka na tuktuk mtaa baada ya mtaa natazama mapaa tu. Dereva hakuelewa mpaka nilipomwonyesha kwenye simu picha ya nyumba ya bibi. Akasimamisha tuktuk, akaingia uani kwa watu, akatoka na kigae kizee kilichovunjika pembe, chapa yake ikasomeka. Nimekuja nacho. Kipo hapa mezani ninapoandika, na bado kina ukungu mweusi wa mvua za kwao.

Korosho za pale ni nzuri pia. Viwanda vyao vimebangua korosho za upande wetu, hasa za Tanzania, kwa miaka mingi, kwa hiyo huenda utazinunua zilizotoka nyumbani.

Kochi ni mji wa kutembea kwa miguu. Meli inafunga kisiwa cha Willingdon, kisha unavuka kwenda Fort Kochi. Asubuhi na mapema nenda kwenye zile nyavu za Kichina. Ni magogo marefu yamefungwa pamoja, wavu umetandwa mbele kama kiganja, na nyuma zinaning'inia kamba zenye mawe makubwa ya kusawazisha uzito. Wavuvi wanne au watano wanavuta, mawe yanashuka moja moja, wavu unainuka unachuruzika. Nilichoona kimetoka mle ni visamaki vya kiganja na kaa mmoja. Mmoja wao akanipa kamba nivute nao. Wanataka kitu kidogo baadaye, uwape, kwani samaki hawawatoshi tena.

Nyuma yake ndipo lilipo kanisa la St. Francis, alikozikwa Vasco da Gama alipofia Kochi Desemba 1524. Miaka kama 14 baadaye mifupa yake ikapelekwa Ureno. Kaburi tupu limezungushiwa uzio mfupi. Kwa mtu wa Malindi sidhani ni pa kukosa, mumtazame mwisho wake baada ya kuitazama nguzo yake maisha yenu yote.

Sinagogi la Mattancherry, la mwaka 1568, sikuliona. Meli ilifika Jumamosi, na Jumamosi ni sabato yao. Nyinyi mkifika siku ambayo liko wazi, ingieni mtazame sakafu, wanasema hakuna vigae viwili vya Kichina vinavyofanana. Mimi nilijifariji na mtaa wa maghala ya viungo. Tangawizi imeanikwa uani, pilipili manga kwenye magunia, na harufu ya iliki inakufuata mpaka ndani ya nguo. Nuka mkono wako ukirudi melini, utanikumbuka. Madereva wa tuktuk wa hapo watataka kukupitisha madukani kwa sababu wanapewa chochote kwa kila mteja. Mwambie kabla hujapanda kwamba hununui.

Kama meli italala Kochi usiku mmoja, mchukue shemeji mwende Alappuzha mkaone mashua zao za mpunga, siku hizi zimegeuzwa nyumba za kulala wageni. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari. Shemeji ni mtoto wa fundi wa vyombo, alikuwa akitusimulia mtepe, chombo chetu cha zamani cha kushonwa, alivyousikia kwa babu yake. Atainama pale hatainuka.

Iliki nimekuwekea robo kilo, na picha ya mnara nimeitoa chapa mbili, moja yako. Nitampa kijana wa Mama Fatma anayekuja Malindi Alhamisi.

Nami nina ombi. Kengele ya ule mnara wa Augustino haipo kilimani tena, ilihamishiwa Panjim, kwenye lile kanisa jeupe lenye ngazi za kupindapinda mbele yake. Sikuwahi kufika, basi halikupita huko. Mkishapata teksi yenu, pitieni Panjim mngoje ilie, unirekodie kwenye simu.

Wasalaam,
shoga yako wa Mji wa Kale