Kwa MCA tulijaa, kwa gavana tukalala

Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia tunaimbiwa kura ni haki yako, kura ni sauti yako, alafu watu wasipotoka tunaitwa wavivu. Hasa sisi wa Mombasa, manake 2022 tulishika mkia nchi nzima, hata nusu ya waliojiandikisha hawakufika na nchi kwa jumla ilikuwa kama asilimia 65. Hilo la uvivu mimi silikubali.

Kumbukeni mwezi uleule. Tarehe 9 Agosti tulichagua rais, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mwakilishi wa wadi, ya gavana ikaahirishwa sababu karatasi zilichapishwa vibaya, tukaambiwa turudi tarehe 29. Sasa huku kwetu Kisauni ile siku ya kwanza tangu alfajiri tuktuk za wagombea wa wadi zinapita mlango kwa mlango kuchukua kina bibi (tume isinisikie), kina mama wa chama wametoka kundi zima na mabuibui yao, foleni ya shule imefika barabarani, na ukimuuliza mtu anakwambia mimi nimemjia fulani, tumesoma chuo kimoja, ndo alinisaidia na fomu ya basari ya mwanangu. Tarehe 29 tuktuk zimerudi kubeba abiria. Niliingia kituoni saa nne asubuhi nikamkuta karani anapiga miayo. Mshindi, Abdulswamad Nassir, alipata kura kama 119,000 kwenye kaunti yenye wapiga kura waliojiandikisha zaidi ya 640,000.

Na tusidanganyane ati ni pesa. Leso, unga, fulana, zile mia mbili mbili, tunapokea kambi zote, mtu anakula huku na huku na siku yenyewe halali yake kulala. Kinachomtoa mtu kitandani ni kujua akishinda huyu kesho nitampata wapi nimshike shati.

Sasa kinachoniuma ni hiki, huyo gavana tuliyemlalia ndo mwenye zahanati na maji ya mfereji, Katiba ya 2010 iliyapeleka kaunti hayo. MCA wetu tunayempenda hata bomba la sindano hawezi kuagiza. Lakini mtu akiandikiwa dawa akanunue nje anamtukana rais, mifereji ikikauka anamtukana rais, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja mtaani akamuonyesha nani anaweka sahihi wapi.

Basi kabla ya Agosti 2027 hao wa elimu ya mpiga kura waache nyimbo, watuletee bajeti ya kaunti kwa Kiswahili, zahanati yetu imetengewa ngapi na imepata ngapi. Na nyinyi mnaotaka ugavana, kutupungia mkono juu ya gari tumechoka, shukeni mkae barazani na kahawa tutawanunulia sisi, mtuambie maji yanatoka lini.

Mkaazi wa Kisauni,
Mombasa