Barua ya wazi kwa shemeji aliyeuliza "Kwani alishinda nini?"

Shemeji,

Salaam nyingi. Ujumbe wako kwenye kundi la familia niliuona, na msururu wa vicheko ulioufuata niliuona pia. Nilikuwa nimetuma video fupi ya Rut Castillo wa Meksiko akicheza na ringi, nikaandika chini yake kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufuzu Olimpiki kwenye jimnastiki ya midundo, ule mchezo wa kufuata muziki ukiwa na ringi, mpira, virungu au utepe, upande wa mchezaji mmoja mmoja. Wewe ukajibu kwa maneno matatu: "Kwani alishinda nini?" Watu wakacheka, mada ikahamia kwenye usajili. Mle ndani hoja ndefu haijadiliki, na sauti ya dakika saba hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana nakuandikia hapa, na anayetaka kusoma asome.

Jibu la swali lako ni fupi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo hakushinda kitu. Waliingia wachezaji 26, fainali ikachukua kumi, yeye hakuwamo. Hapo umepata. Lakini tarehe 24 Machi 2019, Stars ilipoifunga Uganda 3-0 pale Taifa, ulirudi nyumbani sauti imekauka kabisa. Tulikuwa hatujaiona AFCON tangu 1980. Tukaenda Misri, Senegal wakatupiga mbili, Kenya wakatufunga tatu kwa mbili, Algeria wakamalizia na tatu. Mechi tatu, pointi sifuri. Sikukusikia ukiuliza tulishinda nini. Jezi unayo mpaka leo. Sasa vuta kiti, maana soka silitaji tena kwenye barua hii.

Kwanza elewa mlango wenyewe ulivyo mwembamba. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles, na dhahabu ya kwanza ikachukuliwa na Lori Fung wa Kanada. Mwaka huo Wasovieti na wenzao, wakiwamo Wabulgaria ambao ndio waliokuwa wababe wa mchezo, walisusia. Waliporudi 1988 wakafunga duka. Tangu hapo hakuna mwanamke kutoka bara la Amerika, kaskazini wala kusini, aliyepata hata shaba ya Olimpiki kwenye mashindano ya mmoja mmoja. Hata mmoja, shemeji. Urusi peke yake ilichukua dhahabu tano mfululizo, kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016. Kwa hiyo msichana wa Jalisco, jimbo la kina Rut huko Meksiko, anapoamua kuushika mchezo huu na kung'ang'ana nao mpaka ukubwani, anajua fika kwamba jukwaa la medali liko mbali naye. Anachogombea ni ile nafasi ya kuingia ukumbini.

Na nafasi zenyewe zinagawiwaje? Kwa Tokyo, sehemu kubwa ilitolewa kwenye mashindano ya dunia ya Baku, Septemba 2019: nafasi 16, na nchi moja isichukue zaidi ya mbili. Hapo wanajazana Warusi, Wabelarusi, Waukraine, Waitalia, Wabulgaria. Marekani ilipata zake mbili, Laura Zeng na Evita Griskenas. Wengine walipitia mfululizo wa Kombe la Dunia. Waliobaki wakaambiwa: kila bara lina kiti kimoja, kakigombanieni huko kwenu. Kwa Amerika nzima, kutoka Kanada mpaka Argentina, kiti kimoja. Nafuu pekee ilikuwa kwamba Wamarekani walikuwa wameshajaza idadi yao, hivyo hawakuruhusiwa kukigusa.

Kiti hicho kilipangiwa kugombewa 2020. Korona ikaja, Olimpiki ikasogezwa mwaka mzima. Mtoto wa miaka 17 anaweza kuupokea mwaka wa ziada kama zawadi, maana anazidi kukomaa. Rut amezaliwa 1991. Ukichukua mabingwa wote wa Olimpiki wa mchezo huu, kuanzia Fung wa 1984 hadi Darja Varfolomeev, Mjerumani aliyeshinda Paris 2024 akiwa na miaka 17, hutakuta aliyezidi miaka 22 siku aliyovaa dhahabu. Kina Averina, wale mapacha wa Urusi, walikuwa na 22 Tokyo na tayari walihesabiwa wakongwe. Rut alikuwa anaingia miaka 30. Mgongo wa miaka 30 unaambiwa ukunjike sawasawa na wa binti aliyetoka kumaliza kidato cha nne, na hakuna pointi za huruma kwa aliyetangulia kuzaliwa.

Juni 2021 wakakutana Rio de Janeiro, mashindano ya bara, Wabrazil wakiwa kwao. Nafasi ya makundi Brazil waliichukua wenyewe, kundi la Meksiko likarudi bila nafasi. Kiti cha mchezaji mmoja kikaenda kwa Rut. Hicho ndicho alichoshinda, kama bado unataka jina la kitu.

Nikueleze na kazi yenyewe, maana uliwahi kusema, nakunukuu, "kuzungusha utepe hata mtoto anaweza". Mtoto anaweza kuzungusha, kweli. Sasa chukua utepe wa satini wenye urefu wa mita sita, zaidi ya mara tatu ya urefu wako na hiyo kofia, umefungwa kwenye kijiti kisichozidi sentimita 60. Ingia kwenye zulia la mita 13 kwa 13. Una sekunde 75 hadi 90, basi. Muda wote huo utepe hauruhusiwi kufa: lazima uchore nyoka, uchore miviringo, na ncha yake isilale chini ikapumzika. Rusha kijiti juu kuelekea taa, zunguka mara mbili tatu huku umekipa mgongo, kisha kikute mkononi, au kikute kwa mguu. Ukumbi ukiwa na kiyoyozi kikali, upepo unauvuta utepe kwenda unakotaka wenyewe. Ukijifunga fundo, na unajifunga, unasimama mbele ya dunia nzima kufungua fundo huku muziki unaenda bila kukusubiri. Wengine huamua kuutupa na kukimbilia utepe wa akiba uliowekwa pembeni mwa zulia, na pointi zinakatwa wakati huohuo. Nimeshaona mashindano mazima yakipotea kwenye fundo lisilozidi ukubwa wa punje ya karanga.

Ringi nayo ina hila zake, inaviringika kama ina akili ya peke yake. Mpira una uzito usiopungua gramu 400, na haushikwi kwa kuukamata. Unakaa kiganjani bila vidole kuubana, unateleza mkono huu mpaka mkono ule kwa kupitia kifuani. Virungu viwili ndivyo ninavyoviogopa zaidi nikiwa mtazamaji tu. Ukidondosha kifaa, unakatwa. Ukipiga hatua kukifuata, unakatwa zaidi. Mguu ukigusa nje ya mstari, unakatwa tena. Mzunguko wa mchujo Tokyo ulitaka vifaa vyote vinne kwa siku moja, tarehe 6 Agosti 2021, na ukumbi wa Ariake haukuwa na mtazamaji hata mmoja kwa sababu ya korona. Mtu amesubiri maisha yake yote kucheza Olimpiki, anapofika anapigiwa makofi na wachezaji wenzake na makocha.

Najua utakuja na hoja ya majaji, na hapo sitakubishia sana. Mchezo unaotegemea jicho la mtu hauishi kelele. Kwenye fainali ileile ya Tokyo, Linoy Ashram wa Israel alidondosha utepe na bado akachukua dhahabu, Dina Averina akawa wa pili, Warusi wakalalamika mpaka makoo yakakauka. Mimi nilimpa Ashram haki yake, kwa sababu mazoezi yake yalikuwa mazito kuliko ya wenzake na hesabu ya ugumu ilimbeba. Ila ukiniambia kwamba majaji huwa wanalijua jina la mtu na nchi yake kabla hajaingia kwenye zulia, siwezi kuapa kwamba ni uongo. Mtu wa Meksiko anaingia akiwa na jina ambalo halijawahi kuwatisha majaji. Kila pointi anaichimba.

Kuna mwingine ambaye hukumtaja kwa kuwa humjui, na mimi ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Cynthia Valdez, mzaliwa wa Guadalajara, 1987. Oktoba 2011 Michezo ya Pan-Amerika, ile ya nchi za bara la Amerika, ikaja Guadalajara kwao, nyumbani kabisa, mashabiki wakiwa wa mtaani kwake. Kwenye jumla ya vifaa vyote alipata medali ya fedha. Aliyemtangulia alikuwa Julie Zetlin wa Marekani, wa tatu Angélica Kvieczynski wa Brazil. Kwa nchi isiyo na historia kwenye mchezo huu, fedha ile ilikuwa kitu kikubwa. Mwaka uliofuata ikaja London 2012. Zetlin akapata nafasi ya mwaliko. Cynthia akabaki nyumbani. Mtu wa pili kwenye bara zima, na dunia haikumwona kwenye Olimpiki hata kwa sekunde 90.

Ndiyo maana nikitazama ile video ya ringi siioni ya Rut peke yake. Michezo ile ya Guadalajara ilipofanyika, Rut alikuwa na miaka 20, na mji ule ndio mji mkuu wa jimbo lao. Aliona jinsi medali ya fedha ya bara isivyomfungulia mtu mlango. Mwenye akili ya kawaida angefunga virungu kwenye begi akatafute kazi nyingine. Yeye akaendelea miaka kumi zaidi. London ikapita, Rio ikapita. Umri ambao wenzake walikuwa wameshakuwa makocha, yeye bado anavaa lile vazi la kumeremeta na kubana nywele kichwani kama mwanafunzi.

Sikwambii umpende. Nakwambia umhesabu vizuri. Wewe unahesabu medali kwa sababu medali ni rahisi kuhesabu, hata anayeangalia Olimpiki mara moja kwa miaka minne anaweza. Mimi nahesabu nani alikuwepo kabla yake kutoka kwao, na jibu ni hakuna. Halafu natazama waliokuja nyuma yake.

Na nyuma yake wamekuja. Juni 2024, mashindano ya bara yalifanyika Guatemala, na safari hii kundi la Meksiko ndilo lililochukua nafasi. Mabinti watano, Dalia Alcocer, Sofía Flores, Julia Gutiérrez, Kimberly Salazar na Adirem Tejeda, wakaenda Paris chini ya kocha Blajaith Aguilar. Kundi la kwanza la Meksiko kwenye Olimpiki katika mchezo huu. Kucheza kwa kundi ni balaa lingine kabisa: watu watano, vifaa vitano hewani kwa wakati mmoja, kila mmoja anapokea cha mwenzake bila kugeuka kumtazama. Akichelewa mmoja nusu sekunde, wote watano wanaonekana wamekosea. Dhahabu ilichukuliwa na China, Israel fedha, Italia shaba. Meksiko haikufika fainali. Najua sasa kidole chako kinawashwa kuuliza swali lako lilelile.

Uliza tu, ila safari hii uulize baada ya kutazama. Tafuta mchujo wa Tokyo, utazame zoezi zima la Rut, na lolote la Averina au Ashram baada yake. Utaona tofauti, siifichi: wale wa juu wanarusha mara nyingi zaidi, wanapokea kwa njia ngumu zaidi, miguu yao inafika mahali ambapo miguu ya binadamu haikuumbiwa kufika. Lakini tazama na jambo la pili. Rut hakimbii kumaliza orodha ya majaji. Anausikiliza muziki. Kifaa kikiwa angani kuna kipindi kifupi ambacho wadogo wengi wanakuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu. Yeye huwa bado anacheza. Hilo nalipata kwa wachezaji waliokaa kwenye mchezo muda mrefu, na ndilo lililonifanya niitume ile video tangu mwanzo.

Los Angeles 2028 ni jirani kabisa na kwao. Kama Meksiko itapeleka mtu, ukumbi utajaa Wameksiko, maana wengi wao wanaishi mji ule. Nimeshawaambia watoto kwamba siku hiyo kipindi chochote kingine kinasubiri, na hilo linakuhusu hata kama utakuwa mgeni wangu.

Msalimie dada. Mwambie hela ya kikoba nimetuma kwenye ile namba yake ya zamani, aangalie kama imeingia.

Wako,
Shemeji yako mbishi